Visulisuli Nilivyovisuka kwa Rasta

Mimi ni mtu wa kucheka. Waulize wale niliofanya nao kazi ghalani Louisville, watakuambia kulikuwa na msichana mmoja Mkongomani aliyebandika lebo kwenye maboksi huku akiimba, mpaka msimamizi akamwomba apunguze sauti. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka ule wa 2015 nilimkasirikia yaya wangu, hasira ya kuamka nayo asubuhi na kwenda nayo kazini, jua kwamba si tabia yangu. Hasira ile nilipewa. Aliyenipa ni yeye.

Yaya, yaani kaka mkubwa kwa namna tunavyosema Kivu, ni mtoto wa mama mkubwa. Tulilelewa pamoja kambini Tanzania, tukila sahani moja. Yeye alikuwa wa kwanza darasani tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa wa katikati, yule ambaye mwalimu hamkumbuki jina. Shule yangu ilikatika tulipohamishiwa Amerika. Nikapata kile cheti cha sekondari cha watu wazima kwa kuhangaika, nikaingia ghalani. Yeye akaenda chuo, halafu chuo kingine, mpaka akafika Columbus kusomea udaktari wa fizikia. Nilimpenda kwa hilo. Nilikuwa nawatangazia hata watu tusiojuana nao kwenye basi.

Jumamosi sebule yetu ya mtaani Beechmont ilikuwa saluni. Nilisuka wanawake wa kanisani kwetu, rasta zimening'inia kwenye mgongo wa kiti, mama yangu akikaanga sambusa jikoni. Siku moja yaya alikuja kupumzika, akakaa kati yetu na kompyuta yake, na mteja mmoja mwenye mdomo akamshambulia.

"Weye professeur, miaka yote hii unasoma nini? Hauoi?"

"Nasoma kwa nini kwaki haitoki, mama."

"Haitoki wapi?"

"Ndani. Bon, ndani ya kila kitu, hata ndani ya hiki kitana, ukienda chini kabisa kuna vidude vinaitwa kwaki. Vinakaa vitatu vitatu. Ukitaka kuvuta kimoja ukitoe peke yake, hakitoki. Vitu vingine ukivitenganisha, mvuto unapungua. Hiki, unavyozidi kukivuta mbali, kinachokirudisha hakichoki."

"Ni bwana yangu na kochi," mama yule akasema, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Mimi nilicheka pia, lakini mkono ulisimama kwenye nywele. "Yaya, na hicho kinachokirudisha ni nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa deni. "Hapo ndipo watu wanagombana."

Akanieleza kidogo kidogo, nikiwa naendelea kusuka. Kuna nadharia ya nguvu hizo, inaitwa nadharia ya geji. Wanaiamini, na hesabu zake zinatoka sawa kwenye kompyuta kubwa. Ila kuona kwa macho ya akili ni kwa nini kwaki zinafungiwa, hilo ni jambo lingine. Moja ya mawazo waliyonayo ni kwamba utupu wenyewe si mtupu. Umejaa nyuzi nyembamba za nguvu zinazojizungusha, zinazopita kila upande na kupitiana, na ni hizo nyuzi zinazozuia. Alizitaja kwa Kiingereza. Mimi nikaziita visulisuli, na jina likabaki, hata yeye akalichukua.

Baada ya wiki chache akapiga simu. Profesa wake alitaka wanafunzi waende mji wa Buffalo kwenye siku ya maonyesho, kila mmoja aeleze kazi yake kwa watu wa kawaida, na awe na kitu cha kushika kwa mkono, si karatasi ya ukutani tu.

"Wewe ndiye mwenye mikono," akaniambia. "Njoo Columbus. Unisukie utupu."

Nani angekataa mwaliko kama huo? Niliomba siku nne kazini, nikapanda basi na begi la rasta nyeusi na nyekundu.

Chumba chake kilikuwa cha mtu anayesahau kula. Katikati ya sakafu alikuwa ameunga mabomba ya plastiki kuwa fremu ya mraba kila upande, inayonifika kifuani, na ndani yake akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, zikatengeneza vyumba vidogo vidogo. Hivyo ndivyo kompyuta yao inavyogawa anga, aliniambia, vyumba kwa vyumba, kisha inahesabu. Kazi yangu ilikuwa kupitisha visulisuli humo ndani. Akaenda zake chuoni.

Nilisuka siku nzima kwa furaha. Na kama msusi yeyote wa kwetu, kila rasta niliyoimaliza niliichovya ncha kwenye maji ya moto ili isifumuke. Nyingine nikazitia na shanga. Zilining'inia pale zikipendeza kama kichwa cha bi harusi. Yaya aliporudi hakuvua hata koti.

"Hizi ni nini?"

"Visulisuli."

"Mbona vina ncha?"

"Rasta gani haina ncha?"

"Kisulisuli hakina ncha! Kinajirudia chenyewe, au kinaingia upande huu wa fremu na kutokea ule. Hakiishii hewani. Ukikipa mwisho umeua kila kitu. Topolojia yote iko hapo!"

Hilo neno nililijua kwa sababu alikuwa ameshanieleza: elimu ya maumbo isiyojali kitu ni kirefu au kifupi, kimenyooka au kimepinda, inajali tu kama kimefungwa, kama kina tundu, kama kimepita ndani ya kingine. Na mimi nilikuwa nimefunga ncha zote kwa maji ya moto. Rasta iliyochovywa haifumuki, kila mwenye nywele anajua. Nikazikata zote. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Ule ulikuwa wakati mzuri, na hata leo siwezi kuukasirikia.

Kesho yake nikaanza upya, nikiingiza mkia wa rasta ndani ya kichwa chake mpaka usione zilipoungana. Kwa uvivu nilianza na vipete vidogo, maana vinakwisha haraka. Yaya alikuwa ameniachia pete kubwa ya waya. Pete ile iliwakilisha safari: kwaki na mwenzake wanatenganishwa, wanakaa mbali kwa muda, wanarudishwa pamoja. Unaiweka ndani ya fremu na kuhesabu visulisuli vinavyopita katikati yake. Vikiwa shufwa, unaandika jumlisha. Vikiwa witiri, unaandika toa. Halafu unaihamisha na kuhesabu tena. Jumlisha na toa zikichanganyika ovyo zinauana, na hapo ndipo kwaki inapokuwa imefungwa.

Nilihesabu. Shufwa. Nikahamisha. Shufwa. Nikadhani nimekosea. Nikaikunja pete iwe ndogo, nikaifungua iwe kubwa, na karibu kila mara jumlisha tu. Nikakaa nikiangalia. Kumbe kipete kidogo kikiingia ndani ya pete kubwa, kinatokea humohumo ndani ya pete, kwa hiyo kinahesabika mara mbili, na mara mbili haibadilishi kitu. Vinavyobadilisha hesabu ni vile vichache vilivyokaa ukingoni, mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje. Katikati yote ni bure.

Nikavikata vipete, nikaviunga vyote kuwa virefu, vinavyozurura fremu nzima kabla ya kujirudia. Nikaweka pete. Sasa hesabu ikawa wazimu. Toa, jumlisha, toa, toa, na pete ilivyokuwa kubwa ndivyo wazimu ulivyozidi. Nilijaza kurasa nne za daftari.

"Yaya, vifupi havifungi," nilimwambia alipofungua mlango. "Vinagusa ukingo tu. Ni lazima viwe virefu vya kupita dunia nzima, ndipo eneo lote la pete linahesabika na kwaki haitoki."

Alikaa sakafuni na koti lake. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimehesabu."

Akapitia daftari. Kisha akasema kwa haki, na ninaliandika kwa haki, kwamba jambo hilo linajulikana, watu walishaliandika siku nyingi. "Lakini mimi lilinichukua muhula mzima kulielewa," akasema, "na sijawahi kuona mtu analionyesha hivi, vifupi halafu virefu. Donc, basi, Buffalo utaeleza wewe. Mimi nitashika fremu."

Shika maneno hayo. Mimi niliyashika.

Unajua msichana aliyekomea shule pale nilipokomea mimi anafanya nini akiambiwa hivyo? Nilijiona nimesimama mbele ya watu. Nilijisemea Kiingereza changu cha ghalani ndani ya gari, njia nzima ya kwenda Buffalo, fremu ikigonga kioo cha nyuma.

Tulifikia kwa baba mdogo, upande wa West Side, katika nyumba kuukuu ya mbao yenye baraza mbele. Baba mdogo anafanya kazi kiwandani na ni mzee wa kanisa, na akiongea, vijiko vinasimama. Nilimwambia kwamba kesho nitazungumza. Akatafuna taratibu.

"Mkubwa wako yuko?"

"Yuko, baba."

"Bon. Tangu lini mdogo anasimama kusema na mkubwa amekaa? Tuna msemaji au hatuna?"

Nieleze hapa. Kwetu, mtu mwenye jambo zito halisemi mwenyewe. Awe anaoa, awe anashtaki, awe anaomba radhi, anamtafuta msemaji, na msemaji ndiye anayesimama. Lakini msemaji ana sheria moja. Kabla ya lolote anasema, nimetumwa, na anamtaja aliyemtuma. Msemaji asiyesema ametumwa si msemaji. Nimeona harusi ikisimamishwa kwa sababu hiyo, wali ukapoa, mpaka mtu aliposahihisha.

Basi nilikubali. Ni kosa langu na nitalibeba. Niliogopa Kiingereza changu, nikamheshimu baba mdogo, na nikafikiri, si kitu, yaya atasema ametumwa. Nilimpa yaya neno langu anisemee, kama tunavyopeana nyumbani. Nilisahau kwamba ukumbi ule haukuwa nyumbani.

Ukumbi ulijaa. Kwenye bango letu lililobandikwa ukutani kulikuwa na jina lake, na chini yake majina ya maprofesa wawili ambao hawakuwahi kugusa hata unywele mmoja wa kazi ile. Mimi nilisimama pembeni ya fremu na gauni langu la kitenge. Yaya akaanza. Mimi nikangoja.

Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno la "mimi" nalijua. Lilikuja la kwanza, na likaendelea kuja. Mimi nilijiuliza. Mimi nilijaribu vifupi. Mimi nikaona. Kila lilipotoka niliinua macho, nikifikiri sasa atanitaja. Hakunitaja.

Profesa wake, mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, aliinama akachungulia ndani ya fremu. Akauliza vifupi vilitoa hesabu gani hasa. Yaya hakukumbuka. Akanigeukia, akanong'ona kwa Kiswahili, "Vile vidogo vilitoa nini? Ukingoni vilikuwa vingapi?"

Nikamwambia, namba zote, maana zilikuwa kichwani. Naye akamgeukia mama yule. "Nilichokiona mimi," akasema, na akatoa namba zangu.

Mama yule akafurahi sana. Akagusa rasta moja kwa kidole. Nani amezisuka?

"Dada yangu," yaya akasema. "Anasuka nywele."

Wote wakanitazama na kutabasamu. Lile tabasamu! Watu wazuri, sina ubaya nao, walitabasamu kama unavyomtabasamia mtoto aliyeleta ua. Kama angenitukana ningejua la kufanya. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho, upepo wa ziwa ukinipiga usoni, na nikasema maneno ambayo mama yangu hajui kwamba ninayajua.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa mezani kwa baba mdogo, fufu imewekwa, sombe, yaani kisamvu, imewekwa, na mimi sikunawa mikono. Mtu asiponawa kwetu, mezani wote wanaona.

"We, nini?" baba mdogo akauliza.

"Nina shtaka, baba."

"Leo? Na chakula kiko mezani?"

"Leo."

Yaya akapumua kwa nguvu. "Baba, ni mambo ya shule tu. Jambo lenyewe linajulikana duniani, si lake, si langu."

"Sikusema nimeligundua!" Sauti yangu ilipanda mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. "Nilisema nimelifikiri. Mimi! Kwa mikono hii, hakuna aliyeniambia. Wewe uliketi sakafuni ukaniuliza nani amekuambia. Umesahau? Uliahidi nitaeleza mimi. Nikakuachia useme kwa sababu ya baba. Na umesimama pale ukasema mimi, mimi, mimi, mpaka swali likakushinda, ukaja kuchota kwangu na kumpa kama lako!"

"Kwenye sayansi hakuna kusema nimetumwa."

"Hakuna? Na wale maprofesa wawili bangoni ni mapambo?"

Nilitegemea baba mdogo aninyamazishe. Nilikuwa tayari kuondoka, nilishapanga kulala kituo cha basi. Lakini yeye alikuwa anamtazama yaya.

"Ulisema umetumwa?"

"Baba, mambo ya kule hayaendi..."

"Nimeuliza. Ulisema, au haukusema?"

"Sikusema."

Baba mdogo akasukuma sahani yake. "Basi hakukuwa na msemaji. Nilimnyamazisha huyu mtoto kwa sababu nilifikiri kuna msemaji. Donc mimi pia umenidanganya." Akaelekeza kidole kwenye simu ya yaya. "Huyo mwalimu wako yuko wapi?"

"Hotelini. Anaondoka kesho."

"Mpigie. Tutakula ukimaliza."

Nilimwonea huruma. Ndiyo tabia yangu mbaya. Huyu ni yule tuliyegawana naye blanketi, na alikuwa anatafuta jina kwenye simu kama mtu anayetafuta mwiba mguuni. Lakini huruma haikuizima hasira. Vilikaa pamoja tumboni kwangu, na njaa ikiwa ya tatu.

Akaweka simu mezani ili sote tusikie. Akasema. Alisema vizuri kuliko nilivyotegemea: kwamba wazo la kuanza na vifupi na kwenda kwenye virefu lilikuwa la dada yake, hesabu zote ni zake, na yeye alikosea kutosema.

"Oo, vizuri sana," sauti ya mama yule ikatoka kwenye simu, nyepesi, ya mtu anayefunga begi. "Mwambie asante. Zile rasta zilikuwa nzuri mno."

Nzuri mno! Yaya akanitazama, macho yakisema, haya, umeridhika? Baba mdogo, asiyejua Kiingereza, akaitikia kwa kichwa kwamba mambo yamekwisha, akavuta sahani yake. Na mimi nikaelewa kwamba kutajwa pia kunaweza kuwa bure kabisa. Nikaichukua simu kutoka mezani.

"Mama," nikasema kwa Kiingereza changu cha ghalani, "ni mimi. Nina swali. Virefu vinafunga, vifupi vinaachia. Kwenye vitu vya kweli, si rasta, ni nini kinachovikata virefu viwe vifupi?"

Sauti za begi upande wa pili zikakoma. Nikafikiri amekata.

"Joto," akasema. Sauti ilikuwa nyingine. "Joto kubwa sana, kubwa kuliko la ndani ya jua. Kwa nini unauliza?"

"Kwa hiyo kwenye joto hilo kwaki inatoka?"

"Inatoka."

"Basi fremu yangu ni nusu. Inaonyesha baridi peke yake. Na vikiwa vifupi, ni vifupi kila upande? Au kuna upande mmoja vinabaki virefu?"

Nikasikia zipu, kiti kikiburutwa, karatasi. "Ngoja," akasema. "Ngoja kidogo, nichukue kalamu. Uliweka pete yako kwa mkao gani ulipohesabu? Imesimama au imelala?"

Yaya akanyoosha mkono. "Lete, nimfafanulie, hutaweza kwa Kiingereza."

Nikamgeuzia mgongo. Nikaenda na simu mpaka dirishani, nikaegemea mbao, na nikaanza kumweleza pete ilivyokaa.